Mchujo wa Mapambazuko

Mwenyekiti wa Mapambazuko Jogging hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea kwa kurukaruka, bendera ya klabu mkononi, tumbo limetangulia na miguu inalifuata kwa shingo upande, na nyuma yake kundi zima la watu wazima wenye akili zao wakiimba kuitikia. Kila Jumamosi asubuhi walizunguka mji wa Sumbawanga namna hiyo, fulana za bluu zimewabana, pua zinawatiririka kwa baridi, hadi kwenye mgahawa wa supu karibu na soko. Pale ndipo ungewaona wana kasi.

Sauda aliwadharau wote, na hakuona sababu ya kuficha. Yeye alikuwa mkimbiaji. Jioni akishafunga duka la vitambaa la baba yake mdogo, Saad, alifunga mtandio nyuma ya shingo, akavaa raba, akashika barabara ya Namanyere katikati ya mashamba ya mahindi, na upepo wa Ufipa ukimpiga kifuani alizidi kukanyaga. Wakulima waliokuwa wanarudi na baiskeli zao walimpisha. Alipojiunga na Mapambazuko alidhani anaingia kwa wenzake. Wiki ya kwanza tu alijua kwamba ameingia kwenye sherehe isiyokuwa na bibi harusi.

Sheria yao ilikuwa moja, na haikuandikwa popote: bendera haipitwi. Mwenye bendera ni mwenyekiti, Mzee Suleimani mwenye malori ya mahindi, na mwenye pumzi nyingi kuliko yeye alitafuta mahali pengine pa kuzimalizia. Wengine waliruka papo hapo wakimsubiri. Wengine walirudi nyuma ya kundi, kisha wakaja mbele tena mpaka mgongoni kwake, wakakwama hapo wakiimba. Sauda alipouliza kwa nini, walimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini imamu anatangulia kurukuu.

Angeshaondoka zamani, lakini kulikuwa na Namanyere. Mbio za kipupwe za kule zilipokea wakimbiaji kwa jina la klabu tu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na pale Namanyere ndipo walimu wa timu ya mkoa walipokuja kuchagua watu. Baba mdogo alikuwa amemwambia waziwazi, bila ugomvi.

"Kimbia kipupwe hiki. Timu ya mkoa ikikuchukua, mimi sina neno. Isipokuchukua, utashuka Kirando, ziwani, ukasimamie duka langu la nyavu. Siwezi kuendelea kumwamini mtu baki na wewe upo."

Baba mdogo ndiye aliyemlea, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Kwa hiyo Sauda aliuma meno, akavaa fulana ya bluu, akasubiri kikao cha kupanga msimu.

Kikao kilifanyika mgahawani, bakuli zikiwa mezani. Walianza na rangi ya suti za michezo za kuvaa Namanyere. Hapo walikaa mpaka supu ikaganda mafuta. Wakaja kwenye ngoma: ibebwe, isibebwe, na kama ikibebwa nani aipige. Wakaja kwenye nani atatoa wimbo wakati wa kuingia uwanjani. Mtu mmoja alishauri wasimame kwanza wapige picha kabla hawajatoka jasho. Wakimbiaji walitajwa mwisho kabisa, chapati zimekwisha.

"Upande wa wanaume," alisema Mzee Suleimani, "nimekubali kuubeba mzigo huo mimi mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Walipiga kweli, na mmoja alifuta macho.

"Upande wa wanawake tutamtaja mwenye nidhamu."

Sauda alisimama. "Shikamoo, mwenyekiti. Nauliza, nidhamu inakimbia kilomita ngapi?"

Mzee Suleimani alimtazama kwa upole uliomuudhi kuliko matusi.

"Marahaba, mwanangu. Unataka nini?"

"Mchujo. Tushindane, anayeshinda aende."

"Sawa. Jumamosi, kutoka uwanjani mpaka kibao cha shule na kurudi. Rahim atashika saa. Mwanamke wa kwanza kwa saa ya Rahim, huyo ndiye anakwenda Namanyere. Na mimi nitakuwepo barabarani niwape moyo."

Rahim, katibu wa klabu, aliitikia kwa kichwa, akaishika ile saa iliyokuwa inaning'inia shingoni mwake tangu alipochaguliwa, hata msikitini. Sauda aliketi amejaa ushindi. Aliona mzee ameogopa. Mwanamke wa kumtisha hakumwona mle ndani. Kulikuwa na Salome, ndiyo, binti wa wakulima wa ulezi aliyekuja na baiskeli kila Jumamosi kutoka kijijini kwao, mwenye miguu mirefu ambayo Sauda aliamini Mungu ameitupa bure. Maana Salome, na miguu yote hiyo, alikimbia mgongoni kwa mwenyekiti kila wiki akiitikia wimbo kwa sauti ya kwaya. Sauda alimpa jina la Mkia, na akamwita hivyo mbele za watu. Salome alikuwa anatabasamu tu, na Sauda akamdharau kwa hilo pia.

Jumamosi ukungu ulilala chini kiasi kwamba mikaratusi ya pembeni mwa uwanja ilionekana mashina tu. Walichora mstari kwa chokaa. Filimbi ikapulizwa, na Mzee Suleimani akainua bendera, akatoa wimbo.

Sauda hakuamini. Ulikuwa mchujo, watu wanashindania nafasi moja, na kundi zima lilijipanga nyuma ya lile tumbo kama kawaida, mguu kwa mguu, likiitikia. Rahim naye alikuwa humo humo, saa inamgonga kifuani, anahema. Sauda alikwenda nao kidogo kwa kushangaa tu. Angeweza kukaa pale. Mzee alikuwa anapumua kwa mdomo kabla hata ya kufika lami, na mtu mwenye miguu angengoja mpaka uwanja uonekane tena, achomoke mwishoni kwa hatua chache, nafasi iwe yake. Wazo hilo lilimpitia. Lilimtia kinyaa. Hakuwa amekimbia peke yake jioni zote zile kwenye upepo ili aje kuvizia nyuma ya kitambi cha mfanyabiashara.

Akatoka pembeni, akampita karibu kabisa, bendera ikamgusa bega.

"Samahani, mwenyekiti," alisema bila kugeuka, "kuna watu wanakimbia."

Nyuma yake wimbo ulikatika. Kisha ukaanza tena, na hakuna hata mmoja aliyemfuata.

Basi alikimbia. Alikimbia vizuri kuliko siku yoyote, barabara nyeupe kwa ukungu, mabua ya mahindi yaliyovunwa kulia na kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na watu wale alifurahi kwa moyo mmoja. Aligusa kibao cha shule akageuka. Alipokutana nao wakiwa bado wanakwenda, aliwapungia mkono, na uso wa mzee uliokuwa umekunjamana kwa taabu ulimpa raha ambayo angeona aibu kuisimulia. Aliingia uwanjani peke yake akavuka chokaa.

Hapakuwa na mtu. Mbuzi wawili walikuwa wanakula karatasi kwenye goli. Sauda aliinama ameshika magoti, akainuka, akatazama huku na huku. Jasho lilianza kumpoa mgongoni. Alisubiri mpaka meno yakaanza kugongana, akasikia wimbo muda mrefu kabla hajawaona wenyewe.

Walitokea kwenye ukungu: bendera, mwenyekiti, na bega moja nyuma yake Salome, hajatoka jasho la kutosha hata kulowesha kola. Wanawake wengine walikuwa mbali nyuma. Mwenyekiti alivuka mstari, Salome akavuka, Rahim akavuka mwenyewe na kubonyeza saa yake kwa kidole gumba.

"Rahim," Sauda alisema, "muda wangu?"

Rahim alimtazama mwenyekiti, kisha chini. "Sikuwepo, dada. Nilikuwa njiani."

"Mtunza saa anafanya nini njiani?"

"Sasa ningempita mwenyekiti?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na watu waliomzunguka wakaitikia kwa vichwa, maana walimwelewa kabisa.

Mzee Suleimani alikuwa ameketi kwenye jiwe akitafuta pumzi. Alipozipata alizungumza bila kinyongo, na hapo ndipo Sauda alipojua kwamba mambo yamekwisha.

"Sauda amemaliza, hakuna anayebisha. Amemaliza kabla saa haijafika. Lakini tulikubaliana mgahawani, wote mkisikia: mwanamke wa kwanza kwa saa ya Rahim. Salome, binti yangu, jiandae."

Makofi. Sauda alisubiri yaishe.

"Ninyi si klabu ya mbio," alisema. "Ninyi ni msafara wa kwenda kunywa supu. Mtakwenda Namanyere na ngoma yenu na suti zenu, mtu wa mwisho atakuwa ameshaoga nyie bado mko barabarani, na mtapiga picha. Hamna aibu hata kidogo."

Baadhi yao walicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli na walikuwa wanaijua. Mmoja alimwuliza kama atakuja mgahawani. Wakaondoka wakiimba.

Alimkuta Salome nje ya uwanja akifuta tandiko la baiskeli. Alikuwa amemwekea maneno makali kuliko ya wote.

"Wewe una miguu. Nimekuona leo, hukuchoka hata kidogo. Ungeweza kuja na mimi, tukawaacha, tukashindana sisi wawili kama watu. Ukaona bora ujifiche mgongoni kwa yule mzee. Huoni haya?"

Salome aliacha kufuta. Hakutabasamu safari hii.

"Wewe ulitaka kumpita mwenyekiti," alisema. "Umempita, mji mzima utajua kufikia mchana. Mimi nilitaka kwenda Namanyere." Akapanda baiskeli. "Kule hakuna mwenyekiti, Sauda. Kule nitakimbia."

Sauda alimtazama akitokomea kwenye ukungu. Kilichomuuma kuliko Namanyere ni kwamba alimwamini. Msichana yule angekimbia, na pengine wangemchukua.

Nyumbani baba mdogo alikuwa anakunywa chai ya tangawizi.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Alhamdulillahi. Basi unakwenda Namanyere."

"Siendi, baba."

Saad aliweka kikombe chini, akangoja. Sauda alianza kumweleza habari ya bendera, na saa iliyokuwa njiani, na maneno aliyomwambia mzee wakati anampita, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe, waziwazi, kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani. Alipofika kwenye mbuzi akanyamaza.

Baba mdogo hakumcheka wala hakumlaumu. Alimaliza chai yake.

"Gari linashuka Kirando Jumatatu," alisema. "Masweta yaache hapa hapa. Kule ziwani hakuna kipupwe."