Mpira Chini ya Gari

Tangu mazishi, gari lilikaa uani na hakuna aliyeligusa. Asubuhi moja nilikuwa nalifuta vumbi, nikaliegemea, nalo likasogea. Nikachungulia ndani. Gia ilikuwa kwenye P, ile ya kuegesha.

Nikageuza ndoo nikaikalia. Mwanangu alisema hivyo hivyo siku ile: "Niliweka P, mama." Walifika getini, baba yake akashuka kufungua, yeye akashuka kutoa mizigo. Breki ya mkono ilishakufa zamani, sote tulikuwa tunaitegemea hiyo P. Gari likateremka lenyewe, likambana mzee kwenye geti. Shemeji zangu wakasema kijana ana haraka za bure, amemuua baba yake. Alijitetea mpaka akachoka, na mwisho naye akaanza kusema, "Labda sikuweka." Chakula akawa anakidonoa tu.

Nikamwita fundi. Akaingia chini ya gari, mwanangu akakaa kwenye usukani.

"Weka P, kijana. Haya mama, sukuma."

Nikasukuma kwa mkono mmoja. Likaenda.

"Huko juu iko P, huku giaboksi iko N, imeachia," fundi akasema akiwa chini. "Waya wa gia umelegea. Juu mnatoa amri, chini hakuna anayesikia. Kama mimi na mke wangu."

Hatukucheka. Akaupapasa ule waya, kisha akauliza, "Na huu mpira ameufunga nani?"

Niliinama. Pale waya unaposhikiliwa palikuwa na ukanda wa mpira wa tairi, umezungushwa na kupigwa mafundo mawili, ncha zimekatwa mshazari. Ndoo niliyokuwa nimeikalia ina mafundo hayo hayo kwenye mkono wake. Mume wangu alifunga kila kitu kwa mpira. Nilikuwa nikimtania kwamba nikivunjika mguu hatanipeleka hospitali. Hili la gari hakumwambia mtu.

Fundi akaukata mpira, akalegeza nati, akausukuma mkono wa giaboksi mpaka ukaingia P yenyewe, akakaza. "Sukuma sasa."

Nilisukuma kwa bega. Gari likagoma.

Mwanangu hakushuka. "Baba alijua," akasema.

"Alijua, mwanangu."

"Basi usiwaambie. Yeye hawezi kujitetea. Mimi nimeshazoea."

Hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu msiba. Niliuokota mpira ule, mafundo bado yamekaza. Nikamwomba Mungu amsamehe mume wangu uzembe wake, na anisamehe mimi ninayekwenda kumsema marehemu. Kisha nikajitanda kitambaa, nikashika njia ya kwa shemeji. Mwanangu aliniita mara moja tu. Sikugeuka.