Puleng Hajambo?

Kwetu milimani Lesotho, bibi harusi hupewa jina la mtoto kabla mtoto hajazaliwa. Siku alipoolewa rafiki yangu, wakwe walimwita 'Mapuleng, yaani mama yake Puleng. Mwaka wa saba huu, Puleng hajaonekana. Mgeni akimuuliza, "Puleng hajambo?" yeye hujibu "Hajambo," asije akamtahayarisha mtu.

Ndivyo alivyomjibu nesi mpya siku tulipokwenda kuchukua dawa zetu za virusi vya UKIMWI. Mimi ndiye mkubwa wa kikundi chetu cha wanawake wenye virusi, na mdomo ninao. Nilikuwa nimekaa nikiwazia chai, mara 'Mapuleng akateremsha blanketi begani na kupandisha mkono wa sweta.

"Nesi, nitoe hivi vijiti vya kuzuia mimba. Nataka mtoto."

Nikadakia, "Umerogwa wewe? Sisi wenye virusi tunazaa nini?"

"Nani kasema, mama?" nesi akaniuliza.

"Yeye huyu huyu 'Maneo," 'Mapuleng akajibu taratibu. "Nilipopimwa alinambia wanawake kama sisi tunafunga uzazi tu. Nikamwamini."

Nesi akanitazama. "Na huyo mgongoni?"

Mgongoni alikuwa amelala mwanangu wa sita, wa miezi minane.

"Huyu alikuja mwenyewe," nikasema.

"Vipimo vyake?"

"Mpaka sasa hana virusi." Nilijisikia mwenyewe nikisema hivyo. Ni kweli nilimwambia 'Mapuleng afunge, kwa kuwa na mimi niliambiwa. Aibu iliniwaka mpaka masikioni.

"Nyani haoni kundule," akasema 'Mapuleng, akacheka.

Nesi akamsomea majibu: miaka mitatu virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Asiache dawa, na akishika mimba aje mapema; hatari ya mtoto kuambukizwa itakuwa ndogo sana. Akamchoma ganzi, akavitoa.

"Nisamehe, shoga," nikamwambia 'Mapuleng. "Nimekupotezea miaka mitano."

"Mitatu. Miwili ya kwanza nilivitaka mwenyewe."

Nesi alikuwa bado na kazi. "Na wewe mama, unatumia njia gani?"

"Nahesabu siku."

Wote wawili wakamtazama mtoto. Hata mimi nilicheka. Nimewasindikiza wanawake wangapi kwenye kiti kile cha nesi, na mwenyewe naogopa sindano! Nesi akanitajia kitanzi, vidonge, sindano, vijiti na kondomu, akasema nichague mimi, siyo kikundi. Akanipima kwanza kama sina wa saba. Sikuwa naye. Nikachagua vijiti, nikafumba macho, na 'Mapuleng akanishikia mtoto.

Tukarudi mlimani, kila mmoja na bendeji yake mkononi. Njiani tulikutana na mzee mmoja wa kijiji cha jirani akiswaga punda. Akatusalimu, akauliza kama wanavyouliza wote, "Puleng hajambo?"

Nilisubiri lile jibu la siku zote.

"Bado hajafika, baba," akasema 'Mapuleng. "Tunamngoja."

Mimi nililia, wala sikujificha.