Gauni la Kitinda

Fundi hakupima mtu. Ukiingia chumbani kwake alikutazama mara moja tu, kutoka begani hadi kisiginoni, akakwambia, "Haya, nenda zako, njoo Ijumaa." Ijumaa ikifika, nguo inakukaa kama umezaliwa nayo.

Basi asubuhi hiyo alikuwa akikata gauni la harusi la Kitinda, binti yake wa mwisho. Mkasi ulikwenda wenyewe, kra, kra, kra. Alipomaliza akavipanga vipande juu ya meza, akarudi nyuma kidogo avitazame.

Vilikuwa vidogo.

Tena si udogo wa kupunja kidole kimoja. Kifua kilikuwa cha mtoto wa shule, mikono mifupi kama ya mwanasesere. Kichwani alimwona Kitinda waziwazi: pengo la meno ya mbele, magoti yamejaa vumbi. Akamtafuta Kitinda wa leo. Akamtafuta tena. Hakuja.

Nje kukasikika viatu. Fundi akatupa shuka juu ya meza.

"Mama! Umejifungia kama mwali, na mwali mwenyewe ni mimi?"

Ile sauti aliijua. Sura iliyosimama mlangoni ilichelewa kidogo kuifikia sauti yake, kisha ikaifikia. Fundi akashusha pumzi.

"Kitendawili," akawahi, amzuie asiisogelee meza.

"Tega."

"Nina mgeni sikumkaribisha. Kila akitoka ananichukulia kitu, na mlango haugusi."

"Panya."

"Wapi!"

"Shemeji yangu, akija na mifuko yake."

Fundi akacheka bila kutaka. "Mwache mwenzio. Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, chukua mji. Ni nani?"

Alikuwa amekitunga papo hapo, maneno tu ya kupoteza muda. Sasa jibu likamjia, akalisikia likikaa kifuani kama jiwe.

"Nitakwambia kesho."

"Kesho utakuwa umeshasahau, we bibi!" Kitinda akaangua kicheko.

Fundi akashika pembe ya shuka. Angeweza kusema kitambaa kilikuwa na kasoro. Uongo huo ungemsitiri wiki hii, pengine na ijayo. Lakini uongo unataka mtu wa kuukumbuka, na yeye angemtoa wapi? Akaivuta shuka mwenyewe.

Kitinda akaokota kile kifua cheupe, akakiweka juu ya chake. Hakikufika hata kwapani.

"Hili la nani, Mama?"

"Lako."

Kicheko kikamwisha. Alikirudisha mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Njoo hapa dirishani, mwanangu," Fundi akasema. "Simama kwenye mwanga."

Akamshika mabega, akamshika taya, akapitisha kidole juu ya nyusi moja, kisha ya pili. Akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mteja yeyote. Halafu akafumba macho, ajaribu kumwona.

"Nimo?" Kitinda akanong'ona.

Fundi hakufumbua macho.

"Subiri," akasema. "Usisogee."