Nukta Katika Jicho la Bi Mkasi

...na brashi nimeshaichovya, rangi nyeupe imejikusanya nchani kama tone la maziwa, mhariri anaongea na mimi natikisa kichwa kama ninavyotikisa kila akiongea, eti ni nukta tu dada, nukta moja kila jicho, hata chai haitapoa, na kweli haitapoa, nukta hizo nimeziweka maisha yangu yote ya kazi, kwenye jicho la Radi shujaa wetu naweza kuiweka nimefumba macho, kwenye jicho la mchumba wake, la mjomba wake, la mbwa wake, hata mbwa ana nukta, maana hapa kwetu sheria ni hiyo tangu kampuni ianze, mwema ana nukta nyeupe jichoni na mbaya hana, jicho la mbaya ni wino mtupu, mtoto asiyejua kusoma anafungua kitabu cha vibonzo na papo hapo anajua amwogope nani, na Bi Mkasi, Bi Mkasi wangu, tangu siku niliyomchora mara ya kwanza macho yake ni wino mtupu, leo ndiyo wananiambia nimtie nuru, amekuwa mwema, hapana, mhariri anainua kidole, "si mwema, usinielewe vibaya, ni mbaya mwenye sababu," na binti wa idara ya masoko, yule wa kucha ndefu anayepiga kompyuta yake kama anachambua mchele, anadakia, "dada, wasomaji wanampenda kuliko Radi mwenyewe, wasichana wanavaa fulana zenye sura yake, hatuwezi kuwaacha wakavaa muuaji kifuani"... hatuwezi, anasema, na Daktari Moshi je, Daktari Moshi ametia sumu kwenye mto, amelipua daraja watu wakiwa juu, kamuuza kaka yake wa tumbo moja, fulana zake wavulana wanavaa mpaka zinatoboka, na hakuna hata mmoja katika meza hii aliyewahi kuniambia dada hebu tuchoree utoto wa Daktari Moshi tujue alilia wapi, mwanamume akiwa mbaya ni mbaya basi, tunampa koti refu na sauti nzito tunamwacha ale ubaya wake kwa raha zake, lakini mwanamke akishapendwa lazima atafutiwe sababu, nani alimtenda, nani alimfia, maana watu hawapati usingizi wakijua wamempenda mwanamke aliyeamka tu asubuhi, akanawa uso, akaamua kuwaumiza wenzake.

Simu inatetemeka juu ya meza, inajisogeza yenyewe kuelekea kikombe cha mhariri, ni kaka, sihitaji kutazama, ni ujumbe uleule wa asubuhi, tumlete mama kwako Jumamosi, ndiyo au hapana, mke wangu amechoka, jibu basi, naigeuza kifudifudi, mhariri ananitazama, "kuna tatizo nyumbani?", nasema hapana, tuendelee, na tunaendelea, ukurasa uko mbele yangu, ukurasa wa mwisho wa toleo zima, Radi ananing'inia kwenye ukingo wa jengo na Bi Mkasi kamshika mkono, ameinama, nywele zimemfunika nusu ya uso, kimto chake cha pini kiko mkononi pale pale kilipo siku zote, na nimechora vizuri, sitajidai mnyenyekevu, nimechora vizuri mno, mkono ni uleule na vidole ni vilevile, ukiyaacha macho bila nukta anamwachia, ukiweka nukta anamvuta juu, hakuna mstari wa kubadilisha, ndiyo maana wanasema ni nukta tu, na mhariri sasa amefika kwenye sababu yenyewe, amekaa sawa, amevua miwani, dalili ya kwamba anakuja na jambo aliloliota bafuni, "nimefikiria mtoto," anasema, "zamani kabla hajawa Bi Mkasi alikuwa na mtoto, akamfia, kisanduku kimoja tu cha picha, kaburi dogo, maua, yeye amepiga magoti, tena hatusemi neno," na binti wa masoko anaweka mkono kifuani, "jamani, hiyo itawaliza," na mimi nacheka, nashindwa kujizuia, nacheka puani kama farasi, wanadhani nimependa.

Kwa sababu kaka naye alikuja na kaburi lilelile, wiki iliyopita, kwenye simu, sauti ameishusha kama yuko msibani, eti dada kuna jambo hukuwahi kuambiwa, kabla yako mama alizaa mtoto, hakuishi, ndiyo maana alikuwa vile kwako, hakuwahi kupona... alikuwa vile, kaka hajui hata kulitaja jina lake, vile, kila mtu naona anatembea na kaburi dogo mfukoni siku hizi, ukilalamika juu ya mwanamke anakutolea, shika, nyamaza, na mimi ni nani nibishane na mtoto aliyekufa, lakini nilitaka kumwuliza kaka, na wewe je, wewe ulizaliwa baada yangu, mbona wewe huzuni ile haikukugusa hata ukucha, wewe ulikuwa unapakatwa mpaka miguu inaburura chini... na mama alikuwa anapendwa, hilo ndilo watu hawalijui, wangejua wasingenishangaa, mama fundi cherehani alikuwa anapendwa mtaa mzima, kile chumba cha mbele hakikukaukiwa na wanawake, wengine nguo zao zilishakwisha zamani lakini wanakuja tu kumsikiliza, akiongea na pini midomoni, pini zimepangwa kwenye midomo kama meno ya pili, na zinatoka zote bila hata moja kumchoma na maneno yanatoka pamoja nazo, na watu wanashika mbavu, siku ile nimekojoa kitandani, nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona haya, akaleta shuka chumba cha mbele, akalitandaza juu ya meza ya kukatia, mbele ya wateja, akasema, "njooni mmwone huyu mwanangu msomi, anajifunza kuchora ramani, usiku huu kamaliza bahari zote, nchi kavu ataanza kesho," na walicheka, mama mmoja mnene mpaka akakaa chini, na mimi... mimi nilicheka, hilo sijamwambia mtu, nimesimama pale mlangoni na nguo ya kulalia imenigandama mapajani nikacheka, si kwa woga, ilikuwa inachekesha, alikuwa stadi, Mungu anisamehe, hakuna mwandishi katika kampuni hii anayeweza kuandika vile, na nimewahi kuwaandikia wote maneno ya Bi Mkasi, wanayasifu, wanauliza nayatoa wapi.

"Dada, uko nasi?" Niko nanyi, bosi, natazama tu mwanga. Brashi imeanza kulainika nchani, naizungusha kidogo kwenye ukingo wa kichupa, kazi ya mikono inasaidia, mtu akikuona na brashi anaamini unafikiria kazi... na kile kimto, binti wa masoko anakionyesha na ukucha wake, "hiki tumefikiria tukitoe kama bangili, wasichana wamekipenda sana, kinapendeza," kinapendeza, ndiyo, chekundu, cha kitambaa laini, kina mpira wa kuvalia mkononi, na hakuna aliyewahi kuniuliza ndani kina nini, na ndani kina nywele, vimto vya mafundi wa zamani ndivyo vilivyo, nywele zina mafuta yake, pini hazishiki kutu, na za kile cha mama ni zangu, nilimjibu mbele ya mteja, sikumbuki hata nilijibu nini, jambo dogo, hapana sikwenda, au hapana sijaona, akachukua mkasi wa vitambaa, mkasi ule sisi watoto tulikatazwa hata kuukatia karatasi kwa sababu karatasi inaua makali, lakini kwa kichwa changu siku ile makali hayakuwa na neno, alinikata huku na huku bila mpango, yeye fundi ambaye hakuwahi kukosea kipimo, na kesho yake ilikuwa siku ya picha shuleni, alijua, mimi ndimi niliyemwambia, nilikuwa nimemwomba anisuke... na jioni akaokota zile nywele sakafuni, nikadhani amejuta, moyo ukanidunda kwa furaha, ndiyo, furaha, nikadhani anaokota kwa sababu ni zangu, akazishindilia kwenye kile kimto, akakishona mdomo, akakivaa, akachomeka pini ya kwanza, akasema fundi mzuri hatupi kitu. Na wateja walipokuja walicheka.

Na kaka jana kanipigia tena, sasa ana jipya, mama anasahau, dada, majina yetu yanamtoka, mke wangu anamdhania ni mama yake, lakini kile kimto haachi, analala nacho, tukimvua ili aoge analia, unaona, zile ni nywele zako, dada, mama alikupenda kwa namna yake... kwa namna yake, kaka yangu, wewe na mhariri mngefanya kazi pamoja vizuri sana, kitu kilekile, mkono uleule na vidole vilevile, wewe unatia nukta yako nyeupe na mwanamke anageuka, kakikumbatia kwa kunipenda, na mimi natazama palepale naona mwanamke anayelala na kichwa changu kilichochomekwa pini, nani amwulize, yeye mwenyewe hakumbuki, na hata angekumbuka, mama hakuwahi kunieleza kitu maishani, hakuomba radhi na hakusingizia, hilo nampa, hakusema ni maisha, hakusema ni baba yenu, hakusema ni mtoto aliyenifia, ni sisi tunaomhangaikia, sisi ndio tunaomtafutia, tumekaa na tochi tunapekua kila pembe ya ubaya wake tukitafuta kidonda, kwa nini tunahangaika hivyo, kwa ajili yake? yeye hana habari... kwa ajili yetu, nafikiri, maana tulimpenda kwanza, ndivyo ilivyo, ulimpenda kwanza kabla ya kupewa ruhusa, ulicheka, na sasa unatafuta kitu cha kuwaonyesha watu wakikuuliza mbona ulicheka.

Na binti wa masoko anasema, taratibu, ameona uso wangu umekunjamana, anasema, "lakini dada, kusema kweli si sisi tuliomfanya apendwe, ni wewe, ulimpa maneno matamu yote, ukampa nguo, ukampa ule mwendo, Radi ulimnyima hata mabega," na hataki shari, anasema tu kama mtu anayesoma bei, na mkono umenisimama... kweli, Radi nilimnyima mabega. Nilikuwa najiambia nalipiza, ndivyo nilivyojiambia miaka yote, nimemchora mama alivyo ili dunia imwone na imchukie kwa niaba yangu, na kumbe kila Jumatatu nilikuwa nakaa hapa namchagulia mshono, namnyoosha shingo, namwachia yeye neno la mwisho katika kila ukurasa, kama mtoto anayemvalisha mama yake kabla hajatoka, nimewageuza wasomaji wote kuwa wateja wa kile chumba cha mbele na mimi mwenyewe nimesimama mlangoni na nguo ya kulalia yenye maji, nacheka... lakini sikumtia nukta, hata siku moja, hata nilipompenda sana, na hapo ndipo sisi tunapoachana, mimi na hawa, mimi na kaka, wao wanataka kwanza asafishwe ndipo wampende, wampe mtoto, wampe kaburi, wamwoshe, mimi nilimpenda mchafu, bila sababu yoyote, na inauma, nasema inauma, inaniuma mpaka kwenye meno, lakini angalau aliyependwa ni yeye.

Simu inatetemeka tena, imeshafika kwenye kisahani cha mhariri, vijiko vinalia, anaisukuma kwangu kwa kidole kimoja bila kuitazama, mstaarabu, na mimi naandika kichwani kabla ya kuandika kwa mkono, mleteni Jumamosi, chumba kipo, kitanda nitatandika mimi, ila kaka, usije na ile habari, usinieleze, usimsemee, usinishikishe yule mtoto wala usinionyeshe kile kimto ukiniambia maana yake, mlete kama alivyo, na macho yake yaleyale, nitamwogesha, nitamlisha, na sitasema alikuwa mwema, na akinitukana na kukawa na utamu ndani yake huenda nitacheka, na nitakichukia kicheko hicho, na nitamkausha miguu. "Basi, dada?" anasema mhariri, "tunakungoja wewe tu," na binti wa masoko ameacha kupiga kompyuta yake, na brashi bado iko juu, upana wa kidole kutoka kwenye karatasi, rangi imeanza kukauka nchani, imeweka ukoko, haiwezi tena kutoa nukta hata ningetaka, ingebidi nioshe, nichovye upya, na sioshi, namtazama Bi Mkasi naye ananitazama, macho wino mtupu, ameinama pale ukingoni, ameushika ule mkono, na bado hajauachia.