Louis wa Kumi na Saba

...bisha basi, bisha uone, mimi Mose wa Manga, niliyeacha shule kidato cha pili, nakutajia wafalme wa Ufaransa walioitwa Louis, kumi na wanane, bila kuangalia popote, na Waingereza walioitwa Henry, wanane, walimu wenyewe wakiniona pale stendi ya boda wanapitia upande wa pili, na leo mama yangu Bathsheba ananiuliza jina moja tu, moja, la mtoto wangu mwenyewe, na ulimi umeganda kama ugali wa jana... "Baba Ogari, nakusikiliza," anasema, kitoto kimelala mapajani pake, hakijamaliza wiki, kimekunja ngumi kama kinanidai, na mke wangu Mokeira ameegemea mlango, "Mama, huyu akinyamaza ujue mvua inakuja," wanacheka, mimi sicheki... wa kwanza tulimwita Ogari, babu akarudi, hapo hakukuwa na maneno, kwetu marehemu hurudi kwa jina, asipopata mtoto wa kuitwa jina lake ndiyo basi, amekwisha, na wa nyumba hii amebaki mmoja, ndugu yangu Nyamongo, miaka miwili sasa chini ya migomba hapo nje, na mama hataki kusikia, "Tumwite Anyona, mjomba wangu, alikufa kitandani mwake kwa heshima, sio yule aliyejiua na pikipiki kwa kupenda mwendo, sitaki mwendo huo umwingie mtoto"... yule, anamwita yule, mtoto aliyemzaa... kama Waingereza na John, walipata mfalme John mmoja, akawaudhi, mpaka leo hakuna John mwingine aliyekalia kiti kile, jina limefungiwa stoo, lakini Charles je, walimkata kichwa kabisa na mwanawe akaitwa Charles vilevile, na juzi tu wamepata wa tatu, kumbe inategemea nini, inategemea nani alisimulia... na hayo yote nimeyatoa wapi mimi, si kwa Nyamongo, tukichuma chai, yeye mstari wake mimi wangu, anatupa majani kikapuni anaita, Louis wa tisa, naitikia, mtakatifu, wa kumi na nne, miaka sabini na miwili kitini, wa kumi na sita, kichwa chini, na kwa wa kumi na saba alikuwa anasimama kabisa, mkono kiunoni, "Huyo alikuwa mtoto, Mose, walimfungia akafa na miaka kumi, hakukalia kiti hata siku moja, lakini wamemhesabu," namwambia huo ni upuzi wa wazungu, chuma chai, anacheka, majani yanamwanguka...

"Mose." Mama tena. "Anyona, ama?" Niseme ndiyo, neno moja, niwashe pikipiki niende zangu Nyaramba, nani atajua, mbona mimi huwa sikosi la kusema, nilijigamba hata matangani, nikasimama mbele ya waombolezaji nikasimulia ajali nzima, mteremko ulivyokuwa, mvua imetoka kunyesha, barabara ya murram inateleza kama sabuni, watu wakalia, Mama akanishika mkono akisema Mungu ameniachia wewe... na nilisimulia vizuri, kila kitu kweli, ila kimoja nilikiruka, na mimi huyu ndiye najisifu siruki hata Louis mmoja... wachumaji walikuwa shambani upande wa juu, wasichana, nikawapungia mkono, nikabaki na mkono mmoja kwenye usukani, na sauti nyuma ya sikio langu, polepole Mose, polepole bwana, nikavuta mafuta zaidi ili anyamaze... na watu walipofika tumelala chini wote wawili nilikuwa wa kwanza kufungua mdomo, ni yeye alikuwa anaendesha, nikasema, ni yeye... ni mimi, Mama, nasema, mbele nilikuwa mimi, ndugu yangu hakukalia kiti kile hata dakika moja siku ile, na nyote mmemhesabu... kitoto kimefungua ngumi, kimeshika kidole cha Mama, na Mama bado ananisikiliza.