Kinga ya Mama Peke Yake

Esperansi alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa pale mimba iliposhika. Kule Urambo, mumewe Modesti akampiga marufuku hata kukaribia bani la kukaushia tumbaku.

Mimba ikiwa bado changa, akashikwa na homa ndogo na vipele. Watoto wa jirani walikuwa navyo pia, wakacheza navyo hadi vikaisha. Vyake navyo vikaisha. Lakini alipovitaja kliniki, muuguzi alimtazama mara mbili. Akatolewa damu, baadaye akatolewa tena, na majibu wakayafuata yeye na Modesti hospitalini Tabora.

Daktari Bertila aliwauliza habari za shamba, kisha akaifunua karatasi ya majibu.

"Mama, mwili ukiugua huunda kingamwili, ni kama askari. Wapo wanaotokea ugonjwa ukiwa mbichi, na wapo wanaobaki miaka yote. Damu yako ya kwanza ilikuwa na wale wa mwanzo, wa kubaki wakiwa haba. Ya pili, wa kubaki wamejaa. Maana yake umeugua rubela, hiyo homa ya vipele, juzi juzi, mimba ikiwa changa."

"Kwa hiyo sasa ana kinga?" Modesti akadakia.

"Anayo. Si rahisi imrudie tena."

"Mungu ashukuriwe!" Modesti akapiga makofi.

Esperansi hakucheka. Uso wa daktari haukuwa wa mtu aliyeleta heri.

"Na huyu?" akauliza, mkono tumboni.

"Huyu, ugonjwa ulimkuta bado anaumbwa. Macho, masikio, moyo. Kilichompata sikijui, ila hatari ni kubwa."

"Basi nichome chanjo."

"Chanjo ilipaswa kuitangulia mimba, mama. Sasa haimsaidii, na wajawazito hatuwachomi."

Makofi ya Modesti yalikuwa yamekwisha zamani. Alibaki ameikunja mikono kama mtu anayehisi baridi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo mno, mboni zimetanda ukungu mweupe. Wakamwita Godeliva. Wakaambiwa macho yanaweza kupasuliwa, huenda akaona kidogo. Masikio wasubiri apimwe.

Modesti hakuweza kusubiri. Pale pale wodini aliangusha bakuli la bati kando ya kitanda. Mtoto akaendelea kunyonya, hata kope hakupepesa. Modesti akaliokota, akaliangusha tena kwa nguvu zaidi.

"Acha, baba," Esperansi akamwambia. "Utawaamsha watoto wa wenzetu."