Mgeni wa Ukutani

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Febronia amzike mumewe, na tangu binti yake, Lucy, ahamie Mwanza. Miaka minne bila mtu wa kumwamkia asubuhi. Kwa hiyo Machi ile, kijana Peniel alipobisha hodi nyumbani kwake, mtaa wa Utemini, kuomba ukuta wa kupigilia kisanduku cha kupima hewa, Febronia alikubali kabla hajamaliza kueleza. Angeomba na paa, angepewa.

Kisanduku kilikuwa cheupe, ukubwa wa mkate, chenye taa ndogo ya kijani. Peniel alisema kinapima moshi na vumbi, na namba zake zinaingia kwenye modeli, yaani programu ya kompyuta inayokadiria hewa ya mji mzima kwa kuangalia majira, upepo na matumizi ya ardhi: wapi ni nyumba, wapi shamba, wapi malisho. Angekuja mara moja kwa mwezi kukisafisha. Febronia hakushika yote. Alishika hilo la mara moja kwa mwezi.

Mvua zilipokwisha alitoa mafiga uani, kama wote wafanyavyo kiangazi. Kwao Mungaa, kijijini alikozaliwa, mgeni hakuachwa uani peke yake. Moto ulisogezwa pale alipo. Na kisanduku, ingawa hakili wala hakisemi, kilikuwa mgeni. Akayapanga mafiga chini yake, akachochea mabua ya alizeti, akasonga ugali wa uwele huku akikisimulia habari za siku. Akimaliza kula alifagia, akarudisha mafiga na majivu nyuma ya banda. Usimcheke. Ukae na ukuta muda mrefu, nawe utausalimu.

Julai, Peniel akaanza kuja kila wiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Namba za hapa kwako zimepanda sana, hasa jioni. Modeli inasema ni yale mashamba ya nyuma, ya jirani yako Stefano. Yakishavunwa yanabaki kipara, upepo unazoa vumbi unakuletea wewe."

Alikunywa uji, akasimulia habari za chuoni, akacheka kwa sauti mpaka kuku wakashtuka. Kwa saa nzima ile nyumba ilikuwa na watu. Kisha akaondoka, kama kawaida yake, kabla ya saa ya kupika.

Agosti Febronia alienda msibani Kinampanda, akakaa siku sita. Aliporudi alimkuta Peniel anakuna kichwa. Wiki ile hewa ya pale ilikuwa safi kabisa, na upepo ulikuwa uleule. Febronia akayatazama majivu yake nyuma ya banda. Hakuwa mjinga; alielewa palepale. Na jioni hiyo, Mungu amsamehe, aliyanyunyizia mabua maji kidogo ili yafuke vizuri, akayasokomeza chini ya mgeni wake. Wiki iliyofuata Peniel alikuja mara mbili.

Aibu aliiona. Upweke aliuona zaidi.

Mwishoni mwa Oktoba Peniel alikuja na karatasi. Ripoti ilikuwa inakaribia kwenda kwa wakubwa wake.

"Tunapendekeza yale mashamba yafungwe, yaoteshwe nyasi na miti," alisema. "Ni kwa ajili ya kifua chako, mama."

Ng'ambo ya ua Stefano, aliyesomesha watoto watatu kwa alizeti ya pale, alikuwa anang'oa visiki akisubiri mvua. Akawapungia mkono. Febronia naye akapunga.

"Peniel, kaa," alisema. "Si Stefano. Ni mimi."

Akamwonyesha mafiga aliyokuwa akiyaficha nyuma ya banda, na masizi aliyokuwa akiyasugua ukutani kila alipomtarajia. Akaeleza maji aliyonyunyiza. Akaeleza na sababu. Alingoja kukaripiwa. Kijana akakunja karatasi zake.

"Nimeweka majira, nimeweka mashamba," alisema. "Sikukuuliza hata siku moja unapikia wapi."

Akang'oa misumari. Kisanduku kingehamia ukuta wa nyumba nyingine, mbali na moto, na namba zote za pale zingefutwa zisiharibu hesabu.

"Zote?"

"Zote, mama. Zinapotosha."

"Na zile siku ulizokuja, nazo zinafutwa?"

Peniel alikishika kisanduku kwa mikono miwili. Akaaga kwa heshima, akaahidi kupitapita. Febronia alizijua ahadi za namna hiyo. Lucy naye alizitoa kila alipopiga simu.

Mvua ilianza wiki ya pili ya Novemba. Stefano alipanda, na Utemini nzima ikarudisha mafiga jikoni. Febronia peke yake aliyaacha uani. Jioni mvua ilipokatika, aliwasha mabua yaliyolowa chini ya matundu mawili ya misumari, akavuta kigoda, akangoja.